Mstari Unaoelekea Sakafuni

Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa sababu hata akienda kumwona mgonjwa utakuta sindano imechomekwa begani na uzi wake unaning'inia. Cherehani yake ilikaa ukumbini, chini ya dirisha, na kazi zake zilikuwa sare za shule, mapazia, na nguo za watu walionenepa wakakataa kukubali. Hiyo ndiyo riziki aliyopewa na Mungu, naye hakuwahi kuomba nyingine. Kwamba siku moja yeye ndiye angekuwa mpimaji wa mlima, hakuna aliyelitegemea, hata yeye mwenyewe.

Mlima ulianzia nyuma ya jiko lao. Kaka yake, mtaa mzima ulimwita Bwana Kamba, alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, mtu mwembamba mwenye mfuko wa misumari na maneno machache. Mvua kubwa ilipochora ufa kule juu penye majani, majirani waliufukia kwa udongo wakasema umepona. Yeye alichukua nyundo. Alipigilia vigingi vya chuma, safu moja juu ya ufa penye mwamba, safu nyingine chini yake penye udongo, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, alipanda kupima urefu wa kila kamba, na akirudi aliziandika namba kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Alisema daftari hupotea, mlango haupotei.

Namba hizo baadaye aliziingiza kwenye laptopu yake. Alikuwa ameandika mwenyewe faili la hesabu lililozichukua namba zote, za kila kamba na kila siku, likatoa mstari mmoja kwenye kioo, mstari ulioshuka kadiri kamba zilivyozidisha kasi ya kurefuka. Siku moja alimwita dada yake aache kushona aje aone. Alimwambia asiamini namba ya siku moja, maana kamba hulowa, jua huikausha, na mkono wa mpimaji hutetemeka kwa baridi. Auamini mstari.

"Mlima haurukii watu kama chui," alisema. "Hujiandaa kwanza. Mstari huu ukikaa juu umelala, na wewe lala. Ukianza kuinama, fungasha. Ukiona unaelekea kugusa sakafu ya mchoro, usimngoje mtu, hata mimi."

Yeye mwenyewe hakumngoja mtu kweli. Homa ya mapafu ilimchukua mvua za mwaka ule zilipoanza tu, akazikwa siku ya manyunyu. Mungu amlaze mahali pema.

Baada ya maziko, mama yao hakuvuka tena ua wa nyumba. Alifagia chumba cha mwanawe kila siku, akatandika kitanda chake, na mtu akisema "marehemu" mbele yake alimkatiza. Mwanawe alikuwa "mwanangu", na alizungumziwa kama mtu aliyekwenda kazini. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa patakatifu. Mvuke wa sufuria ukikaribia chaki, mama aliinua sufuria akaipeleka nje.

Bi Sindano ndiye aliyeendelea kupanda. Utepe wa chuma wa kaka yake ulikuwa umepotea siku zile za msiba, nyumba ilipojaa watu, kwa hiyo alipimia utepe wake wa kushonea. Mwenye duka, jirani wa bonde la chini, alimwona akipita asubuhi na utepe shingoni, na kila siku alikuwa na neno.

"Bi Sindano, mlima umekubali kiuno hicho, au tumwongezee?"

"Nimwongezee pindo, jirani. Anakua huyu."

Walicheka wote wawili. Lakini juma lile vicheko vilikuwa vimepungua, kwa sababu kila asubuhi kamba zilikuwa zimekaza zaidi, na moja ilikuwa imekatika yenyewe. Mwenye duka alimwambia asijitie hofu, utepe wa kitambaa ukilowa hurefuka, ndiyo maana namba zinacheza. Bi Sindano alikwenda zake akiwaza. Utepe uliorefuka haukuzi kipimo, hukipunguza; mshonaji yeyote aliyewahi kukata gauni likawa pana kupita mwenyewe anajua hilo. Kama utepe wake ulikuwa unadanganya, basi ulikuwa unadanganya kwa upole.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Aliporudi kutoka juu, matope yamemfika magotini, alikuta ukuta wa nyuma wa jiko una mchirizi mpya wa ufa, mwembamba kama uzi, kutoka dirishani hadi chini. Alimwambia mama yake wafungashe waende shuleni, kule ng'ambo ya bonde, ambako mwalimu mkuu alikuwa ameshafungua madarasa kwa yeyote mwenye hofu. Mama aliendelea kupepeta mchele. Alisema Mungu aliyewalinda chini ya mlima ule tangu ujana wake hajahama. Alisema akitoka, nani atamfungulia mwanawe mlango. Binti alibembeleza, akaonesha mchirizi, akasihi kwa jina la Mungu huyo huyo, hadi mama akaweka ungo chini.

"Wewe ni mshonaji, mwanangu," alisema bila ukali. "Mlima ni kazi ya kaka yako. Yeye akisema nitoke, natoka sasa hivi, na miguu hii hii mitupu."

Bi Sindano alisimama akimtazama. Yalikuwa maneno ya mtu aliyevunjika moyo, lakini mama yake alikuwa mtu wa kauli moja, akisema jambo hulitimiza. Akaenda chumbani kwa kaka yake, akaitoa laptopu chini ya mto.

Shida ilikuwa kwamba laptopu ile ilikuwa na kichwa kipya. Wakati wa msiba, nyumba imejaa watu, mjomba mmoja mwenye mwili aliikalia akidhani ni mto wa kiti. Fundi wa kompyuta aliifufua kwa kuiwekea mfumo mwingine. Mafaili yote ya Bwana Kamba aliyaokoa. Programu zilizoyafungua hazikuwemo tena. Aliahidi kuja kuzirudisha kesho, na kesho yake ilikuwa bado haijafika. Sasa daraja la kwenda mjini lilikuwa chini ya maji na fundi alikuwa upande wa pili. Betri nayo ilikuwa imeshakufa. Laptopu iliishi kwa waya wa umeme tu, kama mgonjwa wa dripu.

Alimpigia simu. Mawasiliano yalishika mahali pamoja tu ndani ya nyumba, juu ya cherehani, karibu na kioo cha dirisha. Aliiweka simu pale, ili sauti isikike na intaneti ipite humo humo kwenda kwenye laptopu.

Fundi alimweleza kwa ufupi. Ndani ya mfumo ule mna kidhibiti vifurushi. Huhitaji kwenda kutafuta programu wala kubeba diski. Unafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, unakiandikia jina la unachotaka, nacho kinakwenda kwenye ghala la intaneti, kinakichukua, kinakileta na kukiweka mahali pake. Bwana Kamba alikuwa akikiita tarishi. Programu ya hesabu aliyoitumia iliitwa Octave. Bi Sindano aliandika amri kama alivyosomewa, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja chenye alama za sindano.

Tarishi alijibu kwamba hamjui mtu wa jina hilo.

Aliisoma mara ya pili. Nje, kitu kizito kiliporomoka mahali fulani kwenye majani, kikanyamaza.

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha kumpa moyo. "Dada, huyo tarishi ni mgeni mjini, hajapewa hata orodha ya maduka. Mwambie kwanza akachukue orodha mpya. Halafu umtume tena."

Aliandika amri ya orodha. Mistari ilianza kushuka, ikasimama, ikashuka. Simu ilipoteza mawasiliano, ikayapata. Mama alipita na ndoo ya maji yaliyovuja jikoni, akatupa jicho, akapita. Orodha ilipokamilika, Bi Sindano alimtuma tena tarishi, na safari hii alimjua anayemtafuta, ila alikuja na habari: Octave haji peke yake. Yakashuka majina mengine, moja baada ya jingine, yakajaza kioo chote.

"Mbona ni wengi hivi?" aliuliza. "Mimi nimemwita mmoja."

"Ni kama msiba, dada. Unamwita shangazi, anakuja na ukoo. Bila hao haketi. Kubali."

Alikubali. Tarishi akaanza kuleta vifurushi, na kila kimoja kilionesha asilimia yake ikipanda. Bi Sindano hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiombea asilimia. Aliomba kimoyomoyo, midomo ikitikisika, huku akilitazama dirisha: maji yaliyoteremka kutoka mlimani yalikuwa yamebadilika rangi, kutoka kahawia hadi wekundu wa udongo wa ndani. Kaka yake aliwahi kumwambia kitu kuhusu rangi hiyo. Hakutaka kukikumbuka.

Simu ilikatika, fundi akapotea, lakini vifurushi vilikuwa vimeshafika vyote. Sasa tarishi alikuwa anavifungua na kuvipanga, na kwa kazi hiyo hakuhitaji intaneti, alihitaji umeme tu. Bi Sindano alipumua. Akainuka kwenda jikoni kuutazama mchirizi wa ukuta, maana alikuwa amesikia sauti kama ya kitambaa kinachochanika.

Mchirizi ulikuwa umepanuka hadi kuingia kucha ya kidole gumba.

Radi ikapiga. Ilipiga karibu, vikombe vikaimba kabatini. Bi Sindano alirudi ukumbini mbio na kumkuta mama yake amesimama kando ya ukuta, plagi mkononi, waya umelala sakafuni. Kioo cha laptopu kilikuwa cheusi.

"Radi," alisema mama. "Mwanangu amesema siku zote, radi ikilia chomoa kila kitu."

Ndivyo alivyosema, kweli. Ilikuwa sheria yake, na mama aliishika kama alivyozishika zote, kwa mapenzi. Bi Sindano alifungua mdomo na maneno yakamjaa, maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Akayameza. Akaketi kwenye kiti cha cherehani, uso kwenye viganja, akasema sala fupi isiyo na mpangilio, kisha akasema taratibu, bila kuinua kichwa:

"Mama, kaka alikuwa njiani anakuja kusema. Umemfungia mlango."

Mama aligeuka, plagi bado mkononi. Mvua ilipiga juu ya bati. Bi Sindano alieleza basi, kwa maneno ya nyumbani, kwamba ndani ya mashine ile mna hesabu ya kaka, namba zake na namba za mlangoni, na kwamba alikuwa anailetea mdomo wa kuisemea. Akasema radi bado ipo, na plagi ikirudi huenda mashine ikaungua na hesabu ikaenda nayo. Na ikibaki nje, hakuna atakayesema chochote. Mama aamue.

Mama aliitazama plagi aliyoishika kama mtu anayetazama jembe asilolijua. Midomo yake ilitikisika. Alikuwa anamtaja Mungu, na alikuwa anamtaja mwanawe. Kisha aliinama, magoti yakalia, akairudisha plagi ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Laptopu iliwaka polepole. Bi Sindano alifungua dirisha jeusi, akamtuma tarishi tena. Tarishi akakataa. Alisema kazi ya mwanzo ilikatizwa na hawezi kuanza nyingine.

Alibandika simu kwenye kioo cha dirisha, akapiga, ikakataa, akapiga, ikaita. Sauti ya fundi ilikuja ikikatika. Alimwambia asilie. Alimwambia asifute kitu. Vilivyoletwa vipo, viko stoo, havijapotea. Ni kama fundi aliyefukuzwa katikati ya kujenga, matofali yako uwanjani. Amri ya kumalizia kilichoachwa njiani ipo, akamsomea, na akarudia sehemu ya mwisho, kwa kuwa herufi moja ya mwisho ndiyo iliyomwambia tarishi amalizie vyote. Baada ya hapo aite Octave upya. Kisha simu ikafa kabisa.

Aliandika. Alikosea herufi, akafuta, akaandika tena. Alipobonyeza, hakukuwa na kitu kwa muda, halafu jina moja likapita, na jingine, na jingine, ukoo mzima ukipangiwa viti. Akaita Octave. Tarishi hakwenda tena ghalani. Alivitoa vilivyobaki stoo, akavipanga, akanyamaza, na alama ndogo ya kungoja ikabaki inapepesa kwenye dirisha jeusi.

Faili la kaka lilifunguka. Jina lake lilikuwa "kilima", bila madoido, kama yeye. Namba za ndani ziliishia siku aliyougua.

"Mama, nisomee mlango," alisema. "Tangu pale mwandiko unapobadilika."

Mama alikwenda jikoni. Ili aone vizuri aliufungua mlango hadi mwisho, mwanga wa mvua ukaingia. Alianza kusoma kwa sauti, siku kwa siku, kamba kwa kamba, naye Bi Sindano ukumbini akaandika. Mwanzoni mama alikuwa ameanza juu mno, kwenye namba za mwanawe mwenyewe, na binti hakumsahihisha; alimwacha asome. Namba hizo zilikuwa zinasogea kidogo kidogo, kama mtoto anayekua. Kisha sauti ya mama ikakwama. Alikuwa amefika pale chaki inapokuwa nene, mwandiko wa mshonaji. Akaendelea. Namba ziliruka. Akasoma nyingine, zikaruka zaidi. Kwenye mistari ya mwisho sauti yake ilikuwa imeshuka, na aliuliza kama amesoma sawasawa. Aliambiwa amesoma sawasawa.

Bi Sindano aliamuru hesabu ianze.

Mchoro ulifunguka. Mstari ulianza juu kushoto, umelala, miezi na miezi ya Bwana Kamba akipanda kabla ya chai. Katikati ukainama. Baada ya hapo ulishuka kama ngazi isiyo na mapumziko, na pale namba zilipokwisha, hesabu yake iliuendeleza kwa nukta nukta, hadi ukagusa sakafu. Chini yake palikuwa na tarehe ya kesho.

Mama alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti. Hakuwa na miwani, na hakuihitaji. Mwanawe alikuwa ameshamweleza na yeye, siku moja alipokuwa akimenya viazi, habari ya mstari na sakafu.

"Huu ni wake?" aliuliza.

"Ni wake, mama. Mimi nimepiga chapa tu."

Mama alivuta pumzi, akageuka, akarudi jikoni. Bi Sindano alidhani amekwenda kukaa, na hofu ikamshika upya, hadi aliposikia chuma kikigonga chuma. Alipofika alimkuta mama yake ameshika nyundo ya Bwana Kamba, anazipiga pini za bawaba zitoke.

"Tunaondoka," alisema mama. "Lakini huyu haachwi hapa."

Waliung'oa mlango wakiwa wawili. Waliufunga kwa shuka na mapazia ya mteja ambayo yalikuwa hayajachukuliwa, upande wa chaki ndani, wakauweka mabegani, laptopu ikiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mama alikuwa miguu mitupu, kama alivyoahidi. Walishuka njia ya matope wakiteleza na kusimama, na walipofika dukani mwenye duka alikuwa mlangoni na neno lake tayari.

"Bi Sindano, leo unamhamisha..." Hakumaliza. Alimwona mama. Mtaa mzima ulijua kwamba mama yule hajavuka ua tangu maziko, na sasa alikuwa amebeba mlango wa jiko lake kwenye mvua. Mwenye duka aliutazama mlango, akautazama mlima, akaingia ndani akimwita mke wake. Hakuulizwa wala hakuambiwa. Nyuma yao nyumba moja ikafunga madirisha, na nyingine, na watu wakaanza kutoka na vichanga na magodoro.

Mlima ulishuka asubuhi iliyofuata, wakiwa darasani wanakunywa chai ya mwalimu mkuu. Ulitoa sauti kama lori linalomwaga kokoto, ndefu, kisha ukanyamaza. Udongo uliingia jikoni pale palipokuwa na mlango, ukajaza chumba cha Bwana Kamba hadi dirishani, ukaubeba ukuta wa nyuma ukaulaza juu ya duka. Ndani ya nyumba zile hakukuwa na mtu. Mwenye duka alikaa sakafuni na kichwa mikononi, halafu akamuuliza Bi Sindano, kwa sauti ya mtu anayejaribu kusimama, kama mteja wa mapazia atadai fidia ya matope. Bi Sindano alimwambia atamkatia mteja huyo gauni la bure.

Mlango ulikuwa umeegemezwa chini ya ubao wa darasa. Mtu mmoja aliomba waulaze wauketie, mama akakataa. Aliulizwa na mwalimu mkuu ni namba za nini zile, na nani aliyeziandika. Bi Sindano alitaka kumjibia, lakini mama alikuwa ameshainua kichwa.

"Hizi za juu ni za marehemu mwanangu," alisema. "Hizi nene ni za dada yake."

Kisha aliomba watu wainamishe vichwa, akaanza sala, na alipofika mahali pa kuwaombea waliotangulia, alilitaja jina la mwanawe, la kwanza kabisa.